Mwisho wa Tatu

Mimi nina mdomo, sikatai. Pale soko la Igoma ninakouza dagaa na michembe, vile viazi vya kukaushwa, mteja akinipindulia debe langu kutafuta vumbi lililoko chini, namwambia yake na ya ukoo wake. Marehemu mume wangu alikuwa anasema, "Getruda, huo mdomo utakuja kutuponza." Nami namjibu, "Na ukimya wako umetuletea nini?" Leo ningempata hapa ningemwambia, baba Precious, ulisema kweli. Mdomo umeniponza, tena kwa mtu ambaye hana mdomo wa kunijibu.

Ni mambo ya juzi tu haya. Hata sasa nikifika karibu na kanisa navuka barabara, napita upande wa pili.

Binti yangu Precious, aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri chuo, anapiga kinanda kwenye kwaya yetu ya parokia. Aliyemfundisha ni Mzee Shigela wa Pasiansi, fundi redio wa zamani, mpiga kinanda wetu tangu mimi ni msichana ninayeanza kuimba alto. Hakumfundisha nyimbo tu. Alimfundisha kukifungua kinanda ndani, si kwa bisibisi, kwa vitufe. Vinanda vya siku hizi vinakuja na midundo yake. Unabonyeza, ngoma inapiga, besi inafuata, wewe kazi yako ni vidole. Mzee Shigela alikuwa haipendi ile midundo. "Imeshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine," alikuwa anasema. "Ukiivaa hivyo hivyo inakupwaya mabegani."

Basi anaingia ndani ya mdundo, anatoa ngoma ya kiwandani, anaweka ngoma aliyoirekodi mwenyewe kule Magu wakati wa mavuno. Anatoa vyuma vinavyolia chi-chi-chi, anaweka njuga za miguuni mwa wachezaji. Besi anairudisha nyuma kidogo, itembee kama mtu aliyeshiba. Mtoto akirudi nyumbani namuuliza, "Leo mmepiga nyimbo gani?" Ananijibu, "Hakuna, mama. Leo tumeshinda na njuga." Wacha wee! Jumamosi nzima, njuga! Nikawa nasema huyu mzee ananipotezea mtoto.

Sasa, kila mdundo una mianzo yake na miisho yake. Mwisho wa kwanza ni mfupi, ndio wa kanisani. Wa pili una mbwembwe kidogo. Wa tatu Mzee Shigela alikuwa anautia muhuri wake: anarekodi humo sauti yake mwenyewe. Kwenye harusi, maharusi wakishakaa vitini, anabonyeza mwisho wa tatu na ukumbi mzima unasikia kinanda kinasema, "Shigela wa Pasiansi, kazi kwenu!" Watu wanaangua kicheko na makofi. Kanisani hakuutumia hata siku moja. Alisema kwa Mungu hakuna haja ya kujitambulisha.

Kabla ya Pasaka akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote, na sauti ikaondoka. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, macho, na mlio fulani wa kooni ambao mkewe, Mama Elias, ndiye pekee anayeuelewa, na si mara zote. Kinanda cha kwaya kikabaki mikononi mwa Precious, na jubilei ya parokia ilikuwa mlangoni.

Jioni moja mazoezini Precious akachomeka flashi yake, akabonyeza. Jamani! Ngoma iliingia polepole, njuga zikaitikia, besi ikashuka chini, na sisi wa alto tukajikuta tunacheza kabla hatujaambiwa. Mwenyekiti wetu Alexander, mwalimu wa sekondari asiyesifia kitu, akavua miwani.

"Precious, huu mdundo umeutoa wapi?"

Mtoto akainamia kinanda. "Nimeupakia juzi," akasema.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Hakuna aliyeniuliza. Nikasema kwa sauti ile ile ya sokoni, "Kautengeneza mwenyewe! Mnamwonaje mwanangu? Kutwa ana vidude masikioni, mlidhani anasikiliza umbea?"

Kwaya ikapiga makofi. Queen wa soprano, ambaye mama yake na mimi hatupatani tangu ule ugomvi wa kitenge cha sikukuu ya Ekaristi, alikuja mwenyewe kumkumbatia Precious. Moyo wangu ulijaa mpaka nikaona nguo inanibana. Precious alinitazama mara moja tu, kisha akaanza kukunja waya.

Nyumbani akakataa kula. Nikamuuliza una nini, akaniambia pale pale huku amesimama.

"Mama, ule mdundo si wangu. Ni wa Mzee Shigela. Nilikwenda kumsalimia, Mama Elias akaniambia nipige chochote mzee asikie. Nikaukuta ndani ya kinanda chake, umeandikwa JUBILEI. Nikaunakili."

"Ulimwomba?"

"Alikuwa ameshasinzia. Nilitaka tuufanyie mazoezi tu. Nilikuwa nasema, wewe ukanikatiza."

Niliona aibu, nisiseme uongo. Masikio yalipata moto. Mama mwenye akili angevaa viatu, angesema twende kwa Alexander sasa hivi. Mimi nikamwona Queen na mama yake wamekaa kibarazani kwao wananicheka, mate yanawatoka. Nikamwambia, "Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee hapigi tena, haongei tena. Nani atauliza?"

"Nitasema mimi. Wewe usiseme kitu."

"Ukisema wewe, mwongo ni mimi. Kaa chini ule."

Alikaa. Hakula.

Sasa Alexander, kwa wema wake, wiki ya jubilei akaenda Pasiansi na gari lake akamleta Mzee Shigela mazoezini, apate kusikia kwaya. Mama Elias alibaki nyumbani, alikuwa na nguo za kufua. Tukamweka mzee na kiti chake cha magurudumu karibu na kinanda. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akapepesa macho. Anayetuongoza kuimba akainua mkono, mdundo ukaanza.

Ule uso! Ulifunguka. Mkono wa kushoto ukaanza kupiga ubao wa kiti, sawasawa na ngoma, na kooni ukawa unatoka ule mlio wake. Wimbo ulipokwisha akaonyesha kidole kwenye kinanda. Akanyoosha vidole vitatu. Akamwonyesha Precious. Kisha akageuka kwa shida, akanionyesha mimi. Tena vidole vitatu. Tena mimi.

Alexander akainama mbele yake. "Mzee, unasema nini? Mdundo huu ni wako?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Halafu akatikisa kukataa. Halafu akakubali tena, na machozi yanamtoka, na kidole kimerudi kwangu.

Kwaya nzima ikaniangalia. Nikasimama, na mdomo wangu ukasimama nami.

"Jamani, mwacheni mzee wa watu. Ugonjwa umeshamla akili, sasa anataka hata kazi za watoto. Mzee Shigela, shikamoo zetu unazipata, heshima yako ipo. Lakini zamu yako imekwisha. Waachie wenzako."

Hakuna aliyecheka. Nilidhani angalau mmoja angecheka. Mkono wa mzee ulishuka taratibu, akauingiza chini ya blanketi na mwingine ule uliokufa, akatazama sakafu mpaka Alexander alipomrudisha kwao.

Njiani Precious hakutembea nami. Alitangulia mbele kama ananikimbia, na alipofika mlangoni ndipo akasema, "Mama, vidole vitatu ni mwisho wa tatu. Anataka siku ya jubilei nimalizie na mwisho wa tatu."

Nilishaelewa hata kabla hajasema. Muhuri! Mapadre wa jimbo zima wamekaa, mama yake Queen amekaa, mdundo wa mwanangu unafika mwisho, kinanda kinafungua mdomo: "Shigela wa Pasiansi!" Na mimi niko mstari wa mbele wa alto nimevaa sare mpya. Nikaona mzee kanitegea.

"Ufute," nikamwambia.

"Tuusikilize kwanza. Sijawahi kuubonyeza, mama. Hata sijui amesema nini."

"Usikilize nini? Jina lake hulijui? Kama haufutiki, weka mwingine."

Kumbe inawezekana. Unaingia ndani ya mdundo, unakwenda kwenye mdundo mwingine wa kiwandani, unachukua mwisho wake unaupachika pale. Unaweka kiraka, basi. Kesho yake kanisani Precious alifanya hivyo kwenye kinanda cha kwaya na kwenye flashi yake huku amenipa mgongo, na mimi nimesimama nyuma yake kama askari wa zamu. Alipomaliza akasema, "Haya. Umekwisha." Nikamwambia asante mwanangu.

Siku ya jubilei kanisa halikutosha, tukaimba chini ya turubai. Mzee Shigela aliwekwa mbele kabisa, amevalishwa koti lake la harusi za watu. Mama Elias alikuwa pembeni yake na kitenge kipya, anatabasamu mwenyewe, simu mkononi. Nilijaribu kutomtazama. Lakini wimbo wa shukrani ulipoanza na ngoma ile ya Magu ikaingia, watu walisimama wenyewe. Akina mama wa Buhongwa walioalikwa wakaanza kucheza, mapadre wageni wakanyanyua kanzu kidogo wakaingia. Vumbi! Mwanangu alipiga siku ile, acha nisifie hapo. Alipiga kama mtu anayelipiza kitu.

Wimbo ukawa unaelekea ukingoni. Nikamwona Mzee Shigela anatoa mkono wa kushoto chini ya blanketi, anaunyanyua juu. Vidole vitatu. Mama Elias akainua simu aanze kurekodi. Precious akanitazama. Nikampa ishara kwa kichwa, bonyeza, hakuna tena cha kuogopa.

Akabonyeza. Kikatoka kile kitu cha kiwandani, pa-pa-pa, vyuma vikalia, kwisha. Watu makofi, vigelegele, nderemo. Ila Mama Elias alibaki ameinua simu anasubiri. Na mkono wa mzee ulibaki juu. Muziki umekwisha, padre ameshika kipaza sauti ameanza kutangaza, mkono bado uko juu na vidole vyake vitatu. Nilitamani mtu aushushe. Mwishowe ni Mama Elias aliyeushusha, akaupangusa kwa kitenge chake.

Wakati wa chakula akanifuata kwenye foleni ya pilau. Nilijua leo ndiyo leo, nikaanza kupanga maneno. Akanikumbatia.

"Hongera, mama mwenzangu. Mtoto katutoa kimasomaso." Halafu akashusha sauti, kwa upole, kama anayeuliza kuhusu chumvi ya mboga. "Lakini mbona mwisho mliutoa? Haukuwapendeza?"

"Mwisho upi?" nikamuuliza, na sahani ikawa nzito.

Akanitazama. "Ina maana hamkuusikiliza? Masikini! Basi kesho mje nyumbani, wewe na Precious. Msikose."

Nikaelewa kwamba hakuambiwa kitu. Maneno yangu ya mazoezini hakuyasikia, na aliyeambiwa hawezi kusema. Pilau ile niliibeba mpaka nyumbani nikawapa kuku.

Kesho yake tukaenda Pasiansi. Nyumba yao iko juu mawemawe yanapoanza, ziwa linaonekana dirishani. Mzee alikuwa ameketi karibu na kinanda chake, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. "Shikamoo, mzee." Akapepesa macho, kama siku ile. Mama Elias alituwekea chai na viazi, akawa anacheka mwenyewe huku anatoa kitambaa.

"Mnajua, hii kazi aliifanya wakati wa Kwaresima, kabla hajaanguka. Alinitesa! Nakaanga sato wangu, ananifukuza jikoni, eti mafuta yanapiga kelele anarekodi. Sato wakaungua wote. Akaniambia nisimwambie mtu, ni siri mpaka jubilei. Halafu ndiyo hivyo akaanguka. Precious alipokuja akawa anaupiga, nikasema Mungu mkubwa, mtoto kaiona zawadi yake mwenyewe!"

"Zawadi?" Precious akasema.

"Si mdundo wako? Hebu sikieni."

Akaanzisha ngoma. Akaiacha itembee kidogo. Kisha akabonyeza mwisho wa tatu, na Mzee Shigela akaongea. Sauti yake ile, nzito, yenye kikohozi kidogo mwanzoni, ambayo hatujaisikia tangu kabla ya Pasaka. Ilijaa chumba kizima na yeye mwenyewe amekaa pale, midomo imefungwa.

"Parokia! Mdundo huu si wangu. Mimi nimeshona tu, mwenyewe ni Precious, binti wa Getruda wa Igoma. Kuanzia leo kinanda namwachia yeye, nami nakaa chini nisikilize. Mama Precious! Uko wapi, mama mwenye sauti yake? Tupigie kigelegele!"

Halafu ngoma ikanyamaza. Njuga peke yake, kwa mbali, zikawa zinatikisika. Alikuwa ameacha nafasi. Aliniachia nafasi yangu mimi, ndani ya mdundo, ya kutosha pumzi moja ya kigelegele. Nafasi ikapita tupu. Ngoma ikapiga mara tatu, kimya.

Precious alikuwa ameziba uso kwa mikono. Mama Elias akanigeukia, anacheka, "Mama Precious, unaitwa! Leo mdomo umeuacha sokoni?"

Nilitamani sakafu ile ipasuke inimeze na kikombe changu. Mzee alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika, laiti angekasirika. Ndipo nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti mbele yake, na nikasema mbele ya mke wake kila kitu. Kwamba mtoto aliunakili bila ruhusa, mimi nikasema ni wake. Kwamba yeye alipoinua vidole nikasema ugonjwa umemla akili. Kwamba nilimwambia zamu yake imekwisha, mbele ya kwaya nzima. Kwamba niliufuta ule mwisho bila kuusikiliza, kwa sababu nilidhani ameweka jina lake, kumbe ameweka langu.

Kicheko cha Mama Elias kilikwisha. Alikaa chini akakishika kile kitambaa cha kufuma, akakikunja, akakikunjua. "Ulimwambia hivyo?" akauliza. "Huyu? Hivi alivyo?" Nikakubali kwa kichwa. "Ndiyo maana siku ile alirudi akakataa kula," akasema, na akageukia dirishani asinione.

Chai ilipoa. Sijui ningeondokaje mle ndani.

Kisha nikasikia kiti kinalia. Mzee Shigela alikuwa anajivuta mbele. Mkono wa kushoto ulikuwa umefika kwenye kinanda, unapapasa, unatetemeka juu ya vitufe. Precious akainuka kumsaidia, akamkatalia kwa macho. Alikitafuta mwenyewe kile kitufe. Tangu aanguke hakuwa amegusa kinanda, Mama Elias aliniambia baadaye, ndiyo mara ya kwanza. Akakibonyeza.

"Parokia! Mdundo huu si wangu..."

Ilisema yote tena. Nami bado nimepiga magoti. Ilipofika, "Mama Precious! Uko wapi?" nikajikuta naitika, "Nipo hapa, mzee wangu."

Njuga zikaanza kunisubiri. Nikafungua mdomo, huu huu mdomo wangu, nikajaribu kupiga kigelegele, kikakatikia kooni kikawa kilio. Nafasi ikapita.

Mzee akabonyeza tena.